Kundi la WhatsApp la wanaojitolea: namna ya kulipanga ili tangazo lisipotee

Tangazo la kazi likitumwa jioni, hadi saa 3 usiku huwa limeshafunikwa na salamu, pole na picha. Kesho yake wanafika watu 7 kati ya 60, na uongozi unadhani moyo wa kujitolea umekufa. Mara nyingi watu hawakuliona tu.

Gawa mambo mawili. Fungua kundi la matangazo, kisha kwenye mipangilio ya ruhusa weka kwamba wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe. Porojo, maswali na pongezi ziende kundi la pili. Usimamizi wapewe watu watatu, wala si mmoja, maana simu ikiibwa kundi hubaki bila mwenyewe. Wengine hupendelea orodha ya kutuma kwa wengi (broadcast list). Inabeba watu 256, lakini ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo sababu nusu husema hawakupata kitu, na wanasema kweli. Facebook usiitegemee: ilifungwa nchini Uganda Januari 2021, na si kila mwanachama anaingia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi.

Ujumbe mmoja ubebe jambo moja. Mfano, kwa kikundi cha Kasese:

“Jumamosi 14 Machi, saa 3 asubuhi (09:00). Kuzoa taka ukingo wa mto Nyamwamba. Njoo na gambuti na jembe. Usipoweza kuja, mpigie kiongozi wako kabla ya Ijumaa jioni.”

Tazama saa ilivyoandikwa. Ukiandika “3:00” peke yake, mmoja ataisoma kwa saa za Kiswahili aje asubuhi, mwingine ataisoma kama simu yake inavyoonyesha aje saa 9 alasiri. Andika zote mbili, kila mara.

Usitangaze kwa bango la picha peke yake. Picha hula bando, na wengi wamezima upakuaji wa moja kwa moja. Tena maneno yaliyo ndani ya picha hayanakiliki kwenda kwenye SMS. Andika kwanza, kisha rekodi sauti isiyozidi dakika moja kwa wasiosoma vizuri. Ikibidi rudia kwa Lukonzo, lugha ya huko Kasese. Tangazo libandike juu ya kundi kwa siku 7. Kujua nani anakuja, tumia kura yenye majibu mawili, “Nakuja” na “Siwezi”, kuliko kuhesabu “niko” arobaini.

Wenye simu za kitochi wasiachwe. Mara nyingi ndio wanaofika mapema kuliko wote. SMS moja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka kikatuni (emoji) kimoja tu inashuka hadi 70, na unalipia SMS mbili au tatu. Hata ile alama ndogo ya juu iliyopinda katika neno kama “ng’ombe”, ambayo simujanja huiweka yenyewe, huleta hasara hiyohiyo. Tumia ile iliyonyooka.

Kabla ya kumwingiza mtu kundini, muulize: namba yake itaonekana na wote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inadai ridhaa. Mgonjwa au mtoto mliyemsaidia asipigwe picha ya kundini bila idhini yake au ya mzazi, na jina lake lisiandikwe.

Mwisho, jiandaeni kwa siku intaneti isipokuwepo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa wanachama 60, chagueni viongozi 6, kila mmoja awe na watu 9 wa kuwapigia. Chapeni orodha hiyo kwenye karatasi, kila kiongozi akae na nakala yake peke yake, na kila miezi mitatu mhakikishe namba upya, kwa kuwa watu hubadilisha laini bila kuaga.