Kichwa kinauma wiki ya pili? Namna ya kushtukia fangasi wa ndani kwa mtu ambaye kinga imeshuka

Jamani wenzangu wa mwaloni, someni hii. Huku Mwanza ukitaja fangasi watu wanawaza kucha na vidole vya miguu, ila kwa mwenye VVU ambaye CD4, yaani hesabu ya askari wa kinga kwenye damu, imeshuka chini ya 200, au anayetumia dawa za saratani au aliyepandikizwa figo, kuna fangasi wanaitwa cryptococcus, wanaingia kwa pumzi, wako kwenye vumbi lenye kinyesi cha njiwa, wakitoka mapafuni wanasambaa na damu mpaka kwenye ubongo.

Shemeji yangu mvuvi alikaa kambini kisiwani miezi mitano bila dawa zake za ARV, akarudi analalamika kichwa. Duka la dawa wakampa mseto wa malaria, zahanati wakasema taifodi, wiki ya tatu akawa anaona watu wawili wawili.

Kwa hiyo anza na kichwa. Maumivu yanapanda polepole, panadol inatuliza kidogo yanarudi, mara homa, mara kutapika. Mwambie aguse kifua kwa kidevu, shingo ikikaza ni dalili, isipokaza usijipe moyo maana wengi haikazi kabisa. Akianza kuongea ovyo au macho kufifia, hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu mmulike usoni na tochi ya simu, vipele vidogo vyenye kishimo katikati kama kitovu sio chunusi hivyo. Na anayekonda na kukohoa huku dawa za TB hazimsaidii, aulizie histoplasma, fangasi wa kinyesi cha popo, anafanana sana na TB.

Hospitali semeni wazi kwamba aliacha dawa, msifiche, muombe kipimo cha CrAg kinachotafuta fangasi hao wa cryptococcus, damu kidogo tu na majibu ni kama dakika 10.

Wakitaka kumtoa maji mgongoni mkubali. Shemeji aligoma siku mbili sababu mtaani wanasema unapooza, kumbe sindano inapita chini kiunoni, mshipa mkuu wa fahamu umeshaishia juu yake. Yale maji yakipungua na presha ya kichwani inashuka, jioni ile ile aliomba ugali na sato, mimi nikalia pale pale wodini.

Na zile ARV alizoacha usimrudishie kimyakimya nyumbani, daktari anazianzisha baada ya wiki 4 hadi 6 za dawa za fangasi, zikiwahi anaweza kuzidiwa ghafla.