Kutunza miasumini Tanga, kuanzia masika hadi kaskazi

Juzi mama mmoja wa Makorora aliniita nimtazamie mwasumini wake: majani tele, tumba hata moja hakuna. Wengi wanalo tatizo hili. Asumini huchanua kwenye chipukizi jipya, na mti usiopogolewa hulea majani tu.

1. Masika (Machi hadi Mei). Usimwagilie, usipogoe. Chimba mfereji maji yasituame shinani. Ukitaka mche, inamisha tawi la chini, fukia kifundo chake, weka jiwe juu.

2. Kipupwe. Palilia, basi.

3. Kupogoa, mwishoni mwa Agosti. Hapa usiwe na haraka. Kama mti bado una matumba, uache kwanza uyachume. Punguza maji siku chache kabla ya kukata. Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali, panga liache kwenye nyasi: panga huponda tawi, na jeraha lililopondwa huoza. Ukihamia mti mwingine, futa mkasi kwa spiriti.

Anza na matawi makavu na yanayosuguana, yatoe mpaka chini. Yaliyobaki yafupishe kwa theluthi, hata nusu kama mti una nguvu. Sasa litazame tawi kwa karibu: majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na kwenye kwapa la kila jani kuna kijicho cha kijani. Kata juu kidogo ya jozi hiyo. Ukiacha kijiti kirefu kitakauka, na ukavu utashuka. Ukikata karibu mno, umeua jicho. Mwasumini mkongwe ulioachwa miaka mingi usiunyoe wote kwa mara moja. Fanya nusu mwaka huu, nusu mwakani.

4. Mbolea. Samadi iliyooza, isiguse shina, kisha rudisha maji. Urea siipendi kabisa kwenye asumini. Itakurudisha kwenye majani.

5. Vuli na kaskazi. Mvua za vuli zikipungua, tandaza majani makavu na mwagilia asubuhi, udongo ulowe mpaka chini. Kingo za majani zikiungua rangi ya kahawia, onja maji ya kisima chako. Kama yana chumvi, tafuta ya bomba au kinga ya mvua. Matumba ya kikuba, kile kishada cha kunukia wanachojipamba nacho wanawake, chuma jioni, yakiwa meupe na yamevimba lakini hayajafunguka, uyafunike kwa kitambaa kibichi. Yatafunguka usiku.