Sukari na Wanga kwa Anayehesabu Kalori: Namna ya Kupanga, Kupima na Kusoma Mizani

Mtu anayeanza kuhesabu kalori kwa nia ya kupunguza uzito hukutana mapema na jambo linalomchanganya. Jioni anafungua programu ya simu anamoandika vyakula vyake, anakuta jumla ya kalori iko chini ya kiwango alichojiwekea, ilhali mstari wa sukari umegeuka mwekundu na ule wa wanga unaukaribia. Atii namba ipi? Kwa upande wa uzito wenyewe, atii ile ya kalori. Hata hivyo jibu hilo peke yake halitoshi, kwa sababu aina ya wanga anaokula ndiyo itakayoamua, kwa kiasi kikubwa, kama ataweza kubaki ndani ya kalori hizo hadi mwezi wa tatu na wa nne bila kushinda na njaa kila siku.

Kalori ndiyo hesabu ya kwanza

Gramu moja ya wanga huupa mwili takriban kalori 4, na gramu ya protini vivyo hivyo, wakati gramu ya mafuta hutoa 9 na ya pombe 7. (Kalori tunazozitaja katika chakula kwa hakika ni kilokalori, ila mazoea yamelifupisha jina.) Sukari nayo ni wanga, kwa hiyo mtu anayeondoa gramu 10 za sukari na kuweka mahali pake gramu 10 za wanga wa mchele hajapunguza chochote katika hesabu ya siku. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ ulionyesha hivyo hivyo: sukari ilipobadilishwa na wanga mwingine wenye kalori sawa, uzito wa washiriki haukubadilika.

Mwaka 2018, timu ya Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililowafuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga walipungua kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana. Watu wengi huishia kuyataja matokeo hayo tu, lakini mimi naona sehemu yenye mafunzo zaidi ni maagizo waliyopewa washiriki: makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi, na yapunguze sukari iliyoongezwa na nafaka zilizokobolewa. Walitofautiana katika kiasi cha wanga, lakini kuhusu ubora wake waliambiwa jambo moja.

Ni sukari ipi inayohesabiwa?

Mstari mwekundu wa programu mara nyingi hujumlisha sukari zote bila kuzitenganisha, na hapo ndipo watu wengi wanapoonewa na namba. Aliyekula ndizi mbili za wastani na tofaa moja, akanywa na glasi ya maziwa, ameshaandikiwa karibu gramu 60 za sukari, wala hakuna hata gramu moja kati ya hizo ambayo wataalamu wanamtaka aikwepe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unahusu sukari huru, yaani sukari inayoongezwa na mtengenezaji, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na ile iliyomo katika asali, sharubati nzito na juisi za matunda. Tunda zima halimo, wala sukari ya asili ya maziwa. Asali na juisi zimo, hata kama zimetengenezwa nyumbani bila kuongezwa chochote, na jambo hili huwashangaza wengi.

Kiwango kilichowekwa ni chini ya asilimia 10 ya kalori za siku, na shirika hilo linaeleza kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kunaweza kuleta manufaa zaidi. Kwa anayekula kalori 1,800, asilimia 10 ni kalori 180, yaani gramu 45 za sukari, sawa na vijiko vya chai 11 hivi kwa kuwa kijiko kimoja hubeba gramu 4 takriban. Asilimia 5 ni nusu yake. Ikiwa programu yako ina mstari wa sukari iliyoongezwa, fuata huo na uufiche ule wa sukari yote. Ikiwa haina, andika sukari huru pembeni kwa mkono kwa wiki mbili za mwanzo, na baada ya hapo utakuwa umekwisha kujua inakotoka.

Kwa watu wengi inatoka katika vinywaji. Kopo la soda la mililita 330 kwa kawaida lina karibu gramu 35 za sukari, ambazo ni kalori 140, na linaisha kwa dakika chache bila kuacha shibe. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku na kutia vijiko viwili katika kila kimoja anakusanya kalori 96 ambazo huenda hajawahi kuziandika. Ukitaka kuanzia mahali pamoja tu, anzia hapo.

Kupanga siku yako

Kabla ya namba zozote, neno kwa wale ambao hawapaswi kuendelea peke yao. Anayetumia insulini au dawa za kisukari zinazouchochea mwili kuitoa anaweza kushukiwa na sukari ya damu kwa hatari akipunguza wanga ghafla huku dozi ikibaki ileile. Azungumze na daktari wake kwanza. Vivyo hivyo mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya umri wa miaka 18, na yeyote aliyewahi kuugua maradhi ya ulaji, ambaye kuhesabu kalori kunaweza kumrudisha alikotoka.

Panga kwa mfuatano huu: kalori, kisha protini, kisha mafuta, na wanga uchukue kinachobaki. Tumchukue mtu mwenye kilo 75 aliyejiwekea kalori 1,800. Protini ya gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito ni gramu 90, nazo ni kalori 360. Mafuta yakichukua asilimia 30 ni kalori 540, au gramu 60. Zinabaki kalori 900, yaani gramu 225 za wanga. Ndani ya hizo 225, sukari huru isizidi 45. Nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea isiyomeng'enywa tumboni, zihesabiwe kando, zisiwe chini ya gramu 25, ambacho ndicho kiwango cha chini kwa mtu mzima katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023.

Je, wanga ukipungua zaidi? Anayeshiba vizuri kwa mayai, samaki na karanga kuliko kwa mkate anaweza kuuteremsha hadi gramu 130 na kuongeza mafuta ili kalori zibaki palepale. Namba 130 ndiyo iliyopendekezwa nchini Marekani kwa mtu mzima kwa kuzingatia kiasi cha glukosi (sukari inayosafiri katika damu) kinachotumiwa na ubongo, ingawa mwili unaweza pia kujitengenezea glukosi na nishati mbadala ya ubongo. Chagua kiwango utakachoweza kuishi nacho. Mpango wa wanga kidogo unaouvunja kila mwisho wa wiki unakupa kalori nyingi kuliko mpango wa wastani unaoufuata.

Kupima bila kujidanganya

Kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika vyakula vya wanga ni kuchanganya kibichi na kilichoiva. Gramu 100 za mchele mkavu zina takriban kalori 360. Gramu 100 za wali zina 130 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake sasa ni maji. Anayepima gramu 75 za mchele mkavu kisha akachagua kwenye programu jina la wali, ataandikiwa kalori 98 badala ya 270. Akifanya hivyo mara mbili kwa siku amekwisha kuficha kalori zaidi ya 340, na baada ya mwezi atalaumu wanga kwa kosa la mizani. Tambi, maharagwe na dengu zina tatizo lilelile. Amua kupima vikiwa vikavu, uchague jina linalolingana, na usibadilishe mtindo katikati. Ukipikia familia, pima mchele wote ukiwa mkavu, kisha upime wali wote ulioiva, ugawanye kalori zote kwa uzito wa wali huo, na jibu ulizidishe kwa uzito wa fungu lako.

Katika lebo, tazama kwanza kama namba zimetolewa kwa gramu 100 au kwa fungu moja, maana fungu la mtengenezaji mara nyingi ni dogo kuliko la mlaji. Nishati ikiandikwa kwa kilojuli, igawe kwa 4.184. Jambo jingine linalowakosesha wanaopenda kutoa nyuzinyuzi katika wanga: lebo za Marekani hujumlisha nyuzinyuzi ndani ya wanga, wakati lebo za Umoja wa Ulaya zimekwisha kuzitenga, hivyo ukizitoa tena katika lebo ya Ulaya unajipunguzia wanga ambao umeula. Halafu soma orodha ya viambato, inayopangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Glukosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya mahindi na juisi iliyokolezwa zote ni sukari kwa majina mengine. Na biskuti iliyoandikwa kwamba haina sukari igeuze upande wa pili usome kalori zake, kwani unga na mafuta vimo vilevile.

Kuhusu viongeza utamu visivyo na kalori, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Kwa maoni yangu, aliyezoea soda tatu kwa siku anaweza kuvitumia kama daraja la kuachia sukari, mradi daraja hilo limfikishe kwenye maji.

Wanga unaoshibisha

Mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38 kwa mafungu yenye kalori sawa, kisha wakapima shibe kwa saa mbili. Kilichoongoza ni viazi vya kuchemsha, chakula ambacho wengi hukiondoa siku ya kwanza ya mpango wao. Kiazi kilichochemshwa kina chini ya kalori 90 katika gramu 100. Kikikaangwa vipande vyembamba ndani ya mafuta huweza kufika 300. Mafuta na mapishi ndiyo yaliyobadilika hapo.

Basi gramu zako za wanga zitumie kwanza kwa jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, viazi vya kuchemsha na matunda yanayotafunwa. Chungwa moja lina kalori kama 60 na linakulazimisha kutafuna. Glasi ya juisi hubeba machungwa matatu hivi na hupita kooni mara moja. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliwalaza watu 20 kituoni na kuwaacha wale watakavyo. Katika wiki mbili za vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko katika wiki mbili za vyakula visivyosindikwa, ingawa milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa sukari, wanga, mafuta na nyuzinyuzi. Ndiyo maana kutazama gramu pekee hakutoshi.

Mizani inapopanda ghafla

Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini kwa umbo la glikojeni, takriban gramu 400 hadi 500, na kila gramu hushikamana na gramu 3 hivi za maji. Anayepunguza wanga kwa ghafla anaweza kupoteza zaidi ya kilo moja katika siku chache na kudhani mafuta yanayeyuka. Akila wali na keki kwenye sherehe, kilo hiyo inarudi asubuhi, naye anakata tamaa bila sababu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya takriban kalori 7,700. Usiku mmoja hauongezi kiasi hicho kwa mtu aliyekula sahani mbili za ziada. Wala usifunge siku inayofuata ili kulipa. Rudi kwenye kiwango chako cha kawaida.

Jipime kila asubuhi kabla ya kula, chukua wastani wa wiki, na ulinganishe wastani kwa wastani. Ikiwa wiki nne zimepita na wastani haujashuka, kagua kwanza mafuta ya kupikia, vinywaji na vile vionjo vya jikoni visivyoandikwa. Vikiwa sawa, punguza kalori 100 hadi 150 kwa siku, ukianza na sukari huru iliyobaki, kisha nafaka zilizokobolewa, na uyaache maharagwe na matunda yawe ya mwisho kuguswa.