Kabla mlipuko wa ugonjwa haujafika wodini: kuilinda dhamiri ya mhudumu

Uchovu wa zamu huondoka kwa usingizi na likizo. Jeraha la dhamiri haliondoki hivyo. Humpata mhudumu aliyelazimika kumfanyia mgonjwa jambo ambalo moyo wake unalikataa, au kulishuhudia tu, na likizo yaweza kumwongezea saa za kulikumbuka. Kinga yake huanza kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwa kupanga nani atabeba maamuzi mazito.

Anzeni na oksijeni. Mtungi wa lita 6,800, mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, huisha kwa saa 11 na dakika 20. Ukifunguliwa saa moja jioni, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi hauna kitu. Kwa mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, ongezeni siku za njia kukatika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam. Bandikeni hesabu hiyo wodini, kisha undeni timu ya watu 3: daktari, muuguzi mwandamizi na afisa ustawi wa jamii, wote wasiomhudumia mgonjwa husika. Waandike sasa vigezo vya nani apewe oksijeni ikipungua, wapokezane simu usiku, na wasaini kila uamuzi. Akiachiwa muuguzi wa zamu, ataamua peke yake gizani, na asubuhi ndugu watamwuliza yeye, labda sokoni.

La pili ni mazishi. Kumzuia mama asimwoshe mwanawe ni kazi inayoumiza pande zote mbili. Kaeni mapema na masheikh na wachungaji, mkubaliane nani ataosha maiti au kuifanyia tayamamu (udongo safi badala ya maji) akiwa na vifaa kinga, na ndugu wangapi watasimama mbali kushuhudia.

Mwisho wa zamu tengeni dakika 15 za kukaa pamoja. Asilazimishwe mtu kusimulia. Kumshurutisha aliyeumia arudie yote huweza kumzidishia. Mshauri asiwe bosi wake, na kwa Newala au Nachingwea, ambako watu wanajuana, ni afadhali awe wa wilaya nyingine, kwa simu.

Muuguzi kiongozi aangalie anayekwepa kitanda fulani, anayejilaumu kila mara, au aliyeanza kuwajibu wagonjwa kwa ukali. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Na huduma hii isifungwe mlipuko ukitangazwa kwisha: wapo ambao usingizi huwapotea kazi ikishapungua.