Mchango wa shule utie kwenye bajeti kwa shilingi

Mkiombea ruzuku klabu ya Malihai (klabu ya wanafunzi ya uhifadhi wa wanyamapori), msiseme tu "shule itachangia ukumbi na mwalimu". Vipeni thamani. Mwalimu mlezi akitoa saa 2 kwa wiki, wiki 30, ni saa 60. Kwa 5,000 kila saa (gawanya mshahara wa mwezi kwa saa za kazi, usibuni) ni 300,000. Ukumbi siku 10 kwa 20,000, kwa bei ya mtaani, ni 200,000. Mradi wa milioni 5 sasa unaomba milioni 4.5, na shule imeshabeba asilimia 10. Mfadhili anaona mradi wenye wenyewe, si wa kufa basi la safari ya hifadhini likisharudi. Ambatanisha barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, na mlezi asaini daftari la saa tangu wiki ya kwanza. Kulijaza mwishoni ndiko kunakowaponza wengi kwa mkaguzi.

Njia hii haifai pale mfadhili anapotaka mchango wa fedha taslimu, wala saa zilezile zikihesabiwa kwenye ruzuku mbili. Soma masharti kwanza.