Mbio zako za kwanza velodromuni: jifunze kuutumia ukuta

Mtu anayetoka mbio za baiskeli za barabarani akiingia velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli wa kuzungukwa wenye kona zilizoinama, swali lake la kwanza ni breki. Ana haki ya kuuliza. Baiskeli ya velodromu haina breki hata moja, haina gia za kubadilisha, na gurudumu la nyuma limefungamana na pedali: likizunguka, miguu nayo inazunguka, utake usitake. Mimi ni mchezaji wa ridhaa, nafanya mazoezi jioni baada ya kazi na kushindana mwisho wa wiki, na katika yote niliyofundishwa humo hakuna lililonifaa kama hili: ukuta ndio breki yako, na ukuta huohuo ndio akiba yako ya mwendo.

Ukuta ni ile kona iliyoinama. Kwenye velodromu ya kawaida ya mashindano makubwa mzunguko una mita 250, sakafu ni ya mbao, na kona zimeinama nyuzi 42 hivi. Ukisimama chini ukatazama juu utasema hakuna tairi litakaloshika pale. Linashika, mradi uingie konani na mwendo wa kilomita 30 kwa saa au zaidi, na uendelee kukanyaga. Hatari ni kuogopa ukiwa katikati ya kona ukalegeza miguu. Hapo ndipo tairi huachia. Chini kabisa kuna ukanda mpana wa buluu ambao ni wa kuingilia na kutokea, haushindaniwi. Juu yake utaona mstari mweusi unaopimia mzunguko, kisha mwekundu, kisha wa buluu. Ikariri mistari hiyo, maana sheria zote zinaitaja.

Kuhusu gia, usibabaishwe na wenye miguu minene. Anza na meno 49 mbele na 15 nyuma, au karibu na hapo. Kila pedali ikizunguka mara moja unasogea karibu mita 7, kwa hiyo kwenye kilomita 40 kwa saa miguu inazunguka chini kidogo ya mara 100 kwa dakika, na kwenye 50 inafika 120 hivi. Ukiona miguu inarukaruka na makalio yanadunda kwenye kiti, dawa yake ni mazoezi ya kuzungusha miguu kwa wepesi. Gia nzito isubiri. Kabla ya kupanda baiskeli kaza nati za gurudumu kwa spana namba 15 na upime ukazaji wa cheni kwa kidole. Hili silifanyii haraka hata kama refa anaita. Cheni ikichomoka kwenye baiskeli ya namna hii inaweza kulifunga gurudumu la nyuma papo hapo, na nyuma yako kuna watu wasio na breki.

Sasa ukuta wenyewe. Zoezi la kwanza ni kupokezana mbele. Mko wanne mmefuatana kwenye mstari mweusi, wewe unaongoza. Kona ikianza, tazama nyuma kupitia bega la kulia (tunazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo nje daima ni kulia), halafu panda. Usiache kukanyaga. Mlima wenyewe utakula mwendo wako, wenzako watapita chini yako mmoja mmoja, na gurudumu la mbele la wa mwisho likishakupita geuza usukani kidogo tu, ushuke. Mteremko utakurudishia mwendo uliopoteza, nawe utatua nyuma yake bila kukanyaga kwa nguvu. Mara ya kwanza nilipotua hivyo sawasawa nilihisi baiskeli imesukumwa na mtu. Rudia zoezi hilo mpaka ulifanye huku ukiwaza jambo jingine, kwa sababu siku ya mbio utakuwa na mengi ya kuwaza.

Kila unapotaka kupunguza mwendo, fikiria juu. Mtu wa mbele amelegea? Panda nusu mita. Umemkaribia mno? Panda. Miguu inaweza kusaidia kwa kuzuia pedali polepole, lakini ukijaribu kuisimamisha ghafla baiskeli itakurusha. Ukitaka kumpita mtu, mwite asikie upo ili abaki kwenye njia yake. Ukiitwa wewe, usiyumbe na usigeuke. Nyooka hivyo hivyo mpaka apite.

Mbio nzuri za kuanzia ni skrachi: mnaondoka pamoja, wa kwanza kuvuka mwisho ameshinda. Wengi mnajipanga juu mkishika reli, mnazunguka mara moja bila kushindana, ndipo mnaachiwa. Kaa nyuma ya gurudumu la mtu anayenyooka, hata kama si mwenye kasi kuliko wote. Kupanda mita moja zaidi kunakuongezea karibu mita 5 kila mzunguko, kwa hiyo usizurure juu bila sababu. Kengele ya mzunguko wa mwisho isikukute nyuma ya mtu wa tano.

Mbio ninazozipenda ni za mchujo. Kwenye uwanja wa mita 250, kila mizunguko miwili wa mwisho anatolewa, na kinachotazamwa ni gurudumu la nyuma. Hapa wageni hukimbilia mstari mweusi kwa sababu ndiyo njia fupi, na hapo ndipo wanaponaswa. Kushoto kuna ukanda usioruhusiwa, kulia kuna ukuta wa watu, mbele kuna aliyechoka. Huwezi kwenda popote, na wa juu wanakufunika wote kwa pamoja mita chache kabla ya mstari wa kumalizia. Mimi nakaa kati ya mstari mwekundu na wa buluu, ndani ya theluthi ya kwanza ya kundi, na ninalipa zile mita za ziada kwa moyo mweupe. Kama umeanza kurudi nyuma, panda kwenye kona ya kwanza na ya pili, kisha shuka mnapotoka konani kuelekea upande wa nyuma ulionyooka. Wapite hapo, kwenye unyoofu. Ukisubiri kupita katikati ya kona utakuwa nje, na njia ya nje ni ndefu. Tafuta video za Lotte Kopecky wa Ubelgiji, bingwa wa dunia wa mbio hizi mwaka 2022 na 2023. Miguu yake iache. Tazama yupo mstari gani mizunguko miwili inapokaribia kwisha.

Mbio za pointi ziache mpaka uzoee kundi. Zina hesabu: kila mizunguko 10 wanne wa mbele wanapata 5, 3, 2 na 1, pointi za mwisho wa mbio zinahesabiwa mara mbili, na kulizidi kundi mzunguko mzima ni pointi 20. Kichwa kinachoka kabla ya mapaja.

Mwisho wa mbio una kanuni yake. Mkiwa mnafyatuka na wewe uko mbele chini ya mstari mwekundu, baki humo. Anayetaka kukupita apite kwa juu. Ukivuka, usilegee na usishuke. Tazama bega la kulia, panda, zunguka taratibu mara kadhaa huku ukuta ukikupunguzia mwendo, ushuke kwenye ukanda wa buluu pale tu nyuma yako pakiwa wazi. Koo litakuwa limekauka na utakohoa kikohozi kikavu, hasa kwenye kumbi za ndani. Kunywa maji polepole, vaa kitu kizito mgongoni, kagua nati na cheni upya, kisha kamuulize refa mbio zako zinazofuata ni saa ngapi.