Kuandaa Mihadhara na Vikao vya Mafunzo kwa Madaktari Wanaosomea Ubingwa wa Magonjwa ya Ndani

Daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya ndani hujifunza sehemu kubwa ya kazi yake kando ya kitanda cha mgonjwa, hivyo anayepanga mihadhara hana budi kuanza kwa kujiuliza ni nini ambacho wodi haitamfundisha. Wagonjwa wa nimonia na wa moyo ulioshindwa kufanya kazi huonekana kila wiki, lakini mgonjwa ambaye tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, zimeacha kufanya kazi ghafla huenda mwanafunzi asimwone hata mmoja hadi anahitimu. Ratiba itangulize mada hizo adimu lakini za hatari, kisha zifuate zile za kawaida ambazo makosa yake hujirudia. Kipindi cha kwanza baada ya wanafunzi wapya kuingia kiwe cha dharura tupu: maumivu ya kifua, kushuka kwa shinikizo la damu, kushindwa kupumua, kupanda kwa potasiamu na kuchanganyikiwa ghafla. Magonjwa ya kuvutia lakini yasiyo na haraka yanaweza kusubiri, hata kama bingwa wake ana hamu ya kuyazungumzia.

Kikao cha asubuhi cha kujadili mgonjwa ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote, na ndicho kinachoharibika kwa urahisi zaidi. Chagua mgonjwa mmoja, si orodha nzima ya waliolazwa usiku. Anayewasilisha atoe maelezo kwa vipande, na kila anaposimama, kila aliyemo chumbani aandike ugonjwa anaoushuku na kipimo kimoja ambacho angekiomba kwanza. Waulizwe walio chini kabla ya walio juu, kwa sababu bingwa akishatoa kauli, ni wachache watakaothubutu kumpinga. Ni vyema bingwa huyo naye asijue jibu. Desturi hii ilikuzwa na Richard Cabot katika Massachusetts General Hospital mjini Boston mwanzoni mwa karne ya 20: daktari mzoefu alijadili mgonjwa asiyemjua, kisha mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza tishu na maiti, akafichua ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi anayemsikia mkubwa wake akisitasita, akirudi nyuma na kubadili mawazo hadharani hupata somo ambalo slaidi haiwezi kumpa.

Mhadhara nao ujengwe juu ya uamuzi, si juu ya ugonjwa. Tuseme mada ni upungufu wa sodiamu katika damu. Badala ya kuanza na fasili na orodha ya visababishi, anza na mgonjwa ambaye sodiamu yake imeshuka hadi milimoli 112 kwa lita na aliyepatwa na degedege, na uulize: unampa nini sasa hivi? Waache wajifunge kwa jibu kabla hujawaeleza kwamba mgonjwa huyo anahitaji mililita 100 hadi 150 za maji ya chumvi ya asilimia 3, yakipitishwa kwa muda mfupi. Kisha geuza swali: saa sita baadaye anakojoa kwa wingi, je, ufurahi au uogope? Mkojo huo mwingi unaweza kuipandisha sodiamu kwa kasi mno, na hapo ndipo pa kueleza kwa nini isipandishwe zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa lita katika saa 24, na kwamba mlevi wa kupindukia, mwenye utapiamlo na mwenye potasiamu ya chini ndio walio katika hatari kubwa ya kudhurika ubongo. Fiziolojia ya figo, yaani namna zinavyofanya kazi, itafuata yenyewe, tena wakati huo itakuwa na wasikilizaji.

Usiridhike na kufundisha mara moja. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walihifadhi mambo zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma. Kwa hiyo fungua kila kikao kwa maswali mawili au matatu ya vikao vilivyopita, bila alama na bila kumwaibisha yeyote.

Uchambuzi wa makala za utafiti unatosha mara moja kwa mwezi, mradi kila makala ianzie kwenye swali la mgonjwa halisi. Kikao cha kuchunguza vifo na madhara ya tiba kinahitaji uangalifu zaidi: majina ya mgonjwa na ya wahudumu yaondolewe, daktari bingwa aliyehusika awepo ili mdogo asibaki peke yake mbele ya hadhara, na mjadala uelekee kwenye dawa iliyochelewa, makabidhiano yenye mapengo au kipimo ambacho majibu yake hayakusomwa. Kila kikao kimteue mtu wa kusimamia rekebisho moja na kutoa taarifa katika kikao kinachofuata.

Hakuna lolote kati ya haya litakalowezekana ikiwa simu za wodi zinaendelea kuita mikononi mwa wanafunzi. Simu hizo zishikwe na mabingwa au na timu iliyoteuliwa kwa saa hiyo, na agizo hilo litolewe kwa maandishi na mkuu wa idara, kwani ombi la mdomo halidumu zaidi ya wiki yenye wagonjwa wengi.